Mkondo wa Tusekile

Lori la viazi lilihama upande bila kuwasha taa, katikati ya mteremko wa Iwambi, na bodaboda ilikuwa imeshafika karibu nalo kiasi cha kuhesabu misumari ya bodi lake.

Tusekile Mwaisumo, abiria wa nyuma, hakupata muda wa kushika shati la dereva. Alisikia bega lake la kulia likizama. Wakati uleule akaona bega la dereva likizama, kwa kipimo kilekile. Pikipiki ikalala, ikapenya kati ya tairi la lori na ukingo wa lami, ikasimama wima tena. Yote yalichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya.

"Umeona hiyo, mama?" dereva alipaza sauti huku akicheka. "Hiyo siyo mimi. Hiyo ni Tusekile!"

"Tusekile gani?"

"Mama, umetoka wapi wewe? Bingwa! Mara saba Tanzania, mara mbili Afrika. Yumo humu." Akaupiga ubavu wa pikipiki kofi la upendo, kama mtu anayempongeza ng'ombe wake. "Mimi hapa nimeshakufa mara nne, na mara zote nne amenirudisha. Mke wangu akisali usiku anamtaja yeye kwanza, mimi baadaye."

"Wewe huoni wivu?"

"Wivu wa nini? Bibi mwenyewe kashazeeka."

Tusekile alikuwa na miaka arobaini na sita. Alicheka ndani ya kofia ngumu iliyomfunika uso, akaamua kutomharibia kijana siku yake.

Ulikuwa mwaka wa tano tangu kila bodaboda nchini ianze kubeba mkondo, kiboksi cha ukubwa wa kipande cha sabuni, kilichofungwa chini ya kiti kwa lakiri ya serikali. Dereva aliendesha mwenyewe siku zote. Hatari ilipomzidi, mkondo ulimnyang'anya usukani kwa sekunde moja au mbili, ukafanya ambacho mwili wa Tusekile ungefanya, kisha ukamrudishia. Ndani hamkuwa na sauti yake wala picha yake. Mlikuwa na kumbukumbu ya mishipa yake ya fahamu, iliyokusanywa kwa miaka kumi na minne ya mashindano na koti lenye nyuzi elfu tatu lililogusa ngozi yake kila alipopanda pikipiki.

Dereva alimshusha mbele ya geti la Mamlaka ya Mikondo. Alikuwa ameitwa na Mhandisi Nelusigwe, kwa ujumbe wa maneno matano: *Njoo mwenyewe. Usije na mtu.*

*

Nelusigwe alikuwa msichana mwembamba aliyehitimu chuo miaka miwili tu iliyopita. Hakumkaribisha chai. Alifunga mlango, akawasha kioo cha ukutani.

"Shangazi, naomba uangalie tu. Usiseme kitu kwanza."

Hawakuwa ndugu. Alimwita hivyo tangu siku ya kwanza, na Tusekile alipenda.

Kwenye kioo ilitokea barabara kama inavyoonwa na jicho la pikipiki. Gari dogo likakatiza ghafla. Safari hii hapakuwa na nafasi ya kupenya. Pikipiki ikatupwa kushoto, dereva na abiria wakateleza salama juu ya majani. Kushoto palikuwa na mwanamke aliyekuwa akimenya machungwa.

Nelusigwe akafungua picha nyingine. Mji mwingine, lori badala ya gari dogo. Pikipiki ikatupwa kushoto. Mzee mwenye baiskeli. Nyingine tena. Kushoto. Kituo cha kuuzia mkaa.

"Zima," alisema Tusekile.

"Ziko sitini na moja. Za mwezi mmoja."

"Kwa nini hakuna aliyeniambia?"

"Kwa sababu hakuna aliyejua." Nelusigwe alichukua barua kutoka mezani. "Sisi hapa tunawahesabu waliokaa juu ya pikipiki. Anayekufa akiwa amesimama pembeni anaandikwa kama mtembea kwa miguu, na hao wanahesabiwa na ofisi nyingine, Dodoma. Hakuna aliyewahi kuziweka karatasi mbili meza moja. Mimi nimeziweka wiki iliyopita, kwa sababu ya barua hii."

Ilikuwa barua ya mkono, kutoka kwa Gwamaka wa Uyole, dereva wa bodaboda. Aliandika kwamba mke wake, Subilaga, aligongwa na kufa akiwa kwenye meza yake ya ndizi za kuchoma. Aliyemgonga ni dereva mwenzake wa kijiwe kimoja, jirani yake, mtu mwema, na mtu huyo anaapa kwamba alitaka kwenda kulia. *Mikono yangu ilivuta kulia*, alikuwa amemwambia, *lakini pikipiki ilikataa.* Mwisho wa barua Gwamaka aliuliza swali moja: je, huyo Tusekile anajua?

Tusekile aliisoma mara mbili. Kisha akakaa chini, kwa sababu sasa alijua, na alijua hata siku jambo lile lilipoanza.

Katika mwaka wake wa tatu wa mashindano, kwenye kona ya saba ya Uwanja wa Ngozi, tairi lilimponyoka akaangukia ndani ya kona. Ndani alikuwapo mwenzake, Lugano, msichana aliyekuwa akigawana naye chumba na mafuta ya nywele. Lugano hakutembea tena. Baada ya hapo Tusekile alikaa miaka miwili akijifundisha kitu kimoja tu: kuanguka kuelekea nje. Uwanja ule ulizunguka kufuata saa, kona zake karibu zote zilikuwa za kulia, na nje ya kona, upande wa kushoto, palikuwa na mchanga mtupu. Alianguka kwa makusudi mara mia nane, mpaka mwili ukaacha kuuliza. Tangu hapo hakuumiza mshindani mwenzake hata mmoja. Alilionea fahari jambo hilo kuliko vikombe vyote tisa.

"Na barabarani," alisema polepole, "kushoto ndiko wanakotembea watu."

Nelusigwe aliinamisha kichwa.

"Basi likate hilo. Acha mengine yote, likate hilo moja."

"Haikatiki, shangazi. Si orodha ya amri. Ni kama chumvi iliyokwisha kuyeyuka kwenye mchuzi, huwezi kuichota peke yake. Nimejaribu siku sita. Nikigusa hapo, mkondo unasahau hata kufunga breki."

"Weka mkondo wa mtu mwingine."

"Nani? Waliovaa koti miaka ya kutosha ni watano. Wote wamefundishwa Ngozi, wakaiga mtindo wako. Wote wanaangukia kushoto."

Nje ya dirisha mtu alikuwa akifyeka majani kwa mashine.

"Kabla ya mkondo," Nelusigwe aliendelea, "walikuwa wakifa watu ishirini na tisa kwa siku, nchi nzima, madereva na abiria. Sasa ni watatu. Pembeni ya barabara alikuwa akifa mmoja kwa siku mbili. Sasa wanakufa wawili kwa siku."

"Usinipigie hesabu, mwanangu."

"Sina budi. Sheria inasema mwenye mwili anaweza kuuondoa mkondo wake ndani ya miaka mitano. Ukisaini, viboksi vyote vinazimwa usiku huohuo. Usiposaini, unakuwa mali ya umma, na haurudi kwako tena. Miaka mitano inaisha Ijumaa, saa tisa na nusu alasiri."

Ilikuwa Jumatatu.

*

Njia iliyobaki ilikuwa moja: kuufundisha mwili upya na kurekodi juu ya zamani.

Jumanne asubuhi Tusekile alivaa koti lake kwenye Uwanja wa Ngozi baada ya miaka kumi. Lilimbana kiunoni. Fundi wake wa siku zote, Lwitiko, mwanamume mnene mwenye mdomo usiopumzika, alimvutia zipu huku akihema.

"Bosi, ama koti limerudi nyuma, ama wewe umesonga mbele."

"Vuta, wewe."

"Navuta. Ikikatika, usiseme ni mimi."

Mwili haudanganyiki kwa urahisi. Silika ile haitoki mpaka hatari iwe ya kweli, au mwili uamini kwamba ni ya kweli. Kwa hiyo Nelusigwe aliweka kigari cha umeme kilichofichwa nyuma ya ukuta wa matairi, kichomoke bila taarifa katika kona yoyote. Upande wa kushoto, juu ya mchanga, alisimamisha watu wa sponji. Aliwavika kanga alizoazima kwa mama yake, na wengine akawawekea ungo kichwani, ili jicho la Tusekile liwaone kama watu.

Tusekile alizunguka mara tatu akijisemea kulia, kulia, kulia. Mara ya nne kigari kilichomoka. Aliposimama na kugeuka, wanawake wawili wa sponji walikuwa wamelala kifudifudi mchangani.

"Tena," alisema.

Walifanya mara kumi na moja siku ile. Jumatano, mara kumi na nne. Alianza kuwajua kwa kanga zao: yule wa rangi ya machungwa, yule wa maua meusi. Alijaribu kuendesha akiwatazama. Alijaribu kuimba. Alijaribu kumfikiria Subilaga, ambaye hakuwahi kumwona, na ndizi zake zikiungua mezani bila mwenyewe. Kila mara kilipotokea kigari, kitu cha zamani ndani yake kiliamka, kikasukuma, kikatimiza wema wake wa miaka ishirini iliyopita, kisha kikarudi kulala.

"Leo umeua sita, bosi," Lwitiko alisema jioni ya Jumatano akiwa anainua sponji. Alikusudia utani. Alipoona uso wake, akawaweka chini taratibu wote wawili aliokuwa amewakumbatia, akaenda kukaa nyuma ya gari.

Alhamisi, muda mfupi kabla ya saa sita mchana, alifanikiwa.

Kigari kilitokea katika kona ya saba yenyewe. Alisikia mkono wake wa kulia ukivuta, nyonga ikageuka, pikipiki ikaangukia ndani ya kona, ikateleza na kuzimika kwenye majani. Watu wa sponji walibaki wamesimama, kanga zikipepea. Lwitiko alirusha kofia juu. Nelusigwe alitoka mbio kwenye kibanda cha mitambo, akakimbia nusu ya njia. Halafu akapunguza mwendo. Halafu akawa anatembea.

"Nini?" Tusekile aliuliza, bado amelala kwenye majani.

Nelusigwe alimwonyesha kibao alichoshika. Kulikuwa na mistari miwili ya kijani. "Huu ni wa mara mia nane zako. Unatoka kwenye uti wa mgongo. Huu ni wa sasa hivi. Umetoka kwenye akili. Umewaza, shangazi."

"Kuna ubaya gani kuwaza?"

"Umechelewa nusu sekunde. Hapa uwanjani kigari kina breki, kimekungoja. Lori halingoji. Tukiweka huu, wale ishirini na sita tunaowaokoa kila siku..." Hakumaliza.

Tusekile alitazama mkono wake wa kulia, ulioanza kutetemeka wenyewe kama ulivyozoea kila ulipochoka siku hizi. Ilimchukua miaka miwili kuingiza lile jambo mwilini alipokuwa na miaka ishirini na nne. Kulitoa kungehitaji mwili ambao hakuwa nao tena.

"Ingekuwaje tukipata mtu mpya?"

"Nimeshapata wanne. Wawili wasichana. Watavaa koti wakiwa mjini, sokoni, katikati ya watu, tangu siku ya kwanza. Hawatauona Ngozi kabisa." Kwa mara ya kwanza wiki ile kulikuwa na mwanga kwenye uso wa Nelusigwe. Kisha akasema sehemu iliyobaki, kwa sababu alikuwa mkweli. "Miaka kumi. Labda tisa."

Tusekile alijaribu kutozidisha wawili kwa siku mara miaka tisa. Akili yake ilizidisha bila kuombwa.

*

Ijumaa saa nane mchana alifika Uyole. Alikuta kijiwe kina pikipiki saba na madereva sita wakibishana kuhusu mpira. Gwamaka hakuwa miongoni mwao. Walimwelekeza kwa kidole: yule kule, anayesukuma.

Alikuwa mrefu, shati limemlowa mgongoni, akisukuma pikipiki yake nzima kwa mikono kupandisha kilima. Mtungi wa gesi wa mteja ulikuwa umefungwa nyuma.

"Imeharibika?" Tusekile alimuuliza.

"Nzima. Siwashi." Hakusimama. "Nikiwasha, siku ikifika itachagua yenyewe. Nikisukuma, nachagua mimi."

"Mimi ndiye Tusekile."

Alisimama. Akaweka stendi, taratibu, akahakikisha mtungi haujalegea. Kisha akamtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayelinganisha sura na kitu alichokuwa amekichora kichwani.

"Nilidhani ni mkubwa zaidi," alisema. "Umeshasaini?"

"Sijasaini."

"Saa ngapi sasa?"

"Saa nane na robo."

"Nina mteja wa kilima hiki tu. Nikishusha mtungi nitawasha, mara moja hii ya mwisho, nikufikishe Mamlaka kabla ya tisa na nusu. Mungu atanisamehe."

"Gwamaka, sitasaini."

Upepo ulikuwa ukileta harufu ya ndizi za kuchoma kutoka kwenye meza ya mtu mwingine. Gwamaka aliikaza tena kamba ya mtungi.

"Kwa hiyo umekuja kuniomba ruhusa."

"Hapana."

"Msamaha?"

"Hapana. Nimekuja ili usiisikie redioni." Alimweleza yote. Alimweleza kuhusu Lugano, mchanga, mara mia nane, watu wa sponji, nusu sekunde. Alimweleza kwamba akisaini, kesho kutwa katika vijiwe kama hiki watakuwa wanachimba makaburi ya hao waliokuwa wakibishana mpira. Hakupamba.

"Mke wangu hakupanda pikipiki," Gwamaka alisema. "Elewa hilo. Wale sita walichagua kupanda. Abiria wao walichagua kupanda. Subilaga alikaa mezani kwake. Sasa wewe umechukua kifo cha waliopanda, ukampa aliyekaa."

"Ndiyo."

"Unasema ndiyo!"

"Niseme nini? Ndivyo ilivyo. Nimeangalia siku nne nione kama sivyo."

Gwamaka alipiga kiti cha pikipiki ngumi. Mara ya pili mkono ulishindwa njiani, ukatua tu juu ya kiti na kubaki hapo. Mmoja wa madereva aliita kutoka chini, "Oya, Gwamaka, kuna tatizo?" Gwamaka alimpungia mkono kwamba hakuna. Alikuwa analia kwa namna ya wanaume wasiozoea, mdomo umefumbwa, machozi yakipita pembeni ya pua.

Tusekile hakumgusa. Hakujiona kuwa na haki hiyo. Alisimama naye tu, upande wa barabara, kushoto, na kila pikipiki iliyopita walisikia upepo wake miguuni.

"Wewe ulikuwa kwenye mazishi yake?" Gwamaka aliuliza baadaye.

"Sikujua."

"Sasa unajua." Alijifuta kwa mkono wa shati. "Basi uwe unakwenda. Usinieleze mimi tu. Kila anayekufa hivyo, nenda kwao, kaa chini, waambie ulivyoniambia mimi. Wasidhani ni dereva. Jirani yangu amehama kwa aibu, na hakuwa na kosa."

"Ni wawili kwa siku, Gwamaka. Nchi nzima. Sitaweza kufika."

"Najua huwezi. Anza na walio karibu."

Akaondoa stendi. Kilima kilikuwa bado kirefu. Tusekile alizunguka nyuma, akaweka mikono miwili kwenye mtungi wa gesi, akasukuma. Gwamaka hakumshukuru, na hakumkataza. Walipofika juu na mwenye gesi kupokea mtungi wake, ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi.

*

Jumatatu alikuwa Kiwira, kwenye nyumba ya bati jekundu. Wanaume walikuwa nje kwenye mabenchi, wanawake ndani. Hakuna aliyemuuliza kitu mlangoni, maana anayekuja msibani haulizwi. Alivua viatu, na wanawake wakasogea, wakampa nafasi kwenye mkeka kama walivyompa kila aliyeingia. Mmoja alimwekea kikombe cha chai. Mwingine akamfunika mabega kwa kanga, kwa kuwa kulikuwa na baridi.

Aliyekufa alikuwa fundi cherehani, miaka thelathini na moja. Mama yake aliketi ukutani, miguu ameinyoosha, amechoka kulia.

"Ndaga, mama," Tusekile alisema. "Pole sana."

"Asante, mwanangu. Asante kwa kuja." Mama alimshika mkono, ule wa kulia, akaupapasa. Akahisi unavyotetemeka, akaufunika kwa mkono wake wa pili ili autulize. "Sikufahamu. Wewe ni nani kwake?"

Simu ilitikisika mfukoni. Bila shaka ni Nelusigwe, aliyekuwa akimtumia majina ya waliokufa pembeni ya barabara, na bila shaka ni jina la pili la leo. Tusekile hakuitoa. Wanawake waliokuwa karibu walinyamaza ili asikike, wakimtazama kwa upole, wakingoja ataje ukoo wake.

Hakuuondoa mkono wake. Alingoja mama aamue mwenyewe kuuachia.

"Naitwa Tusekile," alisema. "Nimekuja kukueleza ni nani aliyemuua mwanao."